Mizunguko Arobaini na Mitano

Jumanne, 1 Julai

Saa kumi jioni. Nimepiga wimbo wangu, kama kila siku. Dirisha wazi, spika zimeelekea uani. Zaituni, mke mwenzangu, alikuwa kwenye mkeka mbele ya mlango wake anachambua mchele. Hakuinua uso. Zamani alikuwa anaingia ndani na kufunga mlango. Sasa amezoea, anachambua mchele wake tu. Nimeudhika.

Kosa ni la mashine. Sauti ya marehemu inakwaruza, inavuma, utadhani anaimbia ndani ya debe. Sauti ya namna hiyo haimuumizi mtu. Nimeamua gramafoni itengenezwe, isikike kama mtu amesimama chumbani.

Tarehe 26 mume wangu Selemani anatimiza miaka miwili kaburini. Watoto wa Zaituni wanaandaa dua upande wao wa ua. Watu watapita mlangoni kwangu kwenda kwa mama wa watoto, kumpa pole yeye. Mimi mke mkubwa nitaletewa sahani ya pilau kama jirani. Thubutu.

Alhamisi, 3 Julai

Fundi Batromayo amekuja kutoka Mwanga, hapa hapa Kigoma, na mkoba wake. Muha wa Kidahwe, mtu mzima, haongei sana. Namtaka hivyo hivyo.

Ameifungua mashine akaguna. Ni ya Kimarekani. Selemani aliinunua kwa daktari wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao, mwaka tuliooana, pamoja na transfoma yake nzito ya kushusha umeme. Hakuna aliyewahi kuifungua. Mkanda umelegea. Sindano imekwisha kama msumari wa kiatu. Na juu ya kichwa cha mkono unaoshika sindano kulikuwa na sarafu ili isirukeruke. Batromayo ameitoa ile sarafu akanionyesha. Akasema, kwa upole, kwamba miaka yote hii nimekuwa nachimba santuri kama shamba.

Sarafu ile aliiweka Selemani mwenyewe.

Jumamosi, 5 Julai

Mtoto wa dada yangu aliyeko Dar amepata sindano. Anaituma kwa basi.

Niandike jambo hili maana kichwa kimeanza kusahau. Siku aliyokuja kunichumbia, Selemani alinipa santuri hii mkononi. Ndogo, ya nyimbo mbili. Karatasi ya katikati imechubuka, jina la bendi limebaki nusu, la mwimbaji halipo. Akasema, "Huyo ni mimi, kabla sijaacha muziki." Alikuwa gadi wa treni, Kigoma na Tabora, Tabora na Kigoma. Bendi ilikuwa ya Tabora. Nikamwamini. Sauti nzito, taratibu, inakuja kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. Ndivyo alivyokuwa anaongea. Nikimwomba aimbe nyumbani alikuwa anacheka, anasema koo la gadi limeliwa na vumbi la njiani.

Sikuzaa. Akaenda kuoa Tabora, akaniletea Zaituni kwa treni kama mzigo. Zaituni akazaa watatu. Alipata watoto, alipata nusu ya siku za mume, alipata chumba chenye madirisha mawili. Wimbo huu hakuupata. Huu ni wangu. Ndiyo maana naupiga.

Jumapili, 6 Julai

Batromayo anasema mtu akitembea sakafuni sindano inatikisika. Mashine inataka miguu ya mpira mzito chini yake.

Nimejua pa kuupata. Zaituni ameweka makubazi ya marehemu mlangoni kwake, yale ya tairi, tangu siku ya msiba. Hayavai mtu. Anayafuta vumbi kila asubuhi, nimemwona. Alipokwenda sokoni nimeyachukua. Nimekata visigino vipande vinne kwa kisu cha samaki. Tairi ni gumu, mkono umeniuma. Mabaki nimeyatupa jalalani, mbali.

Mashine imetulia kama jiwe. Nimerukaruka kando yake kama mtoto na sindano haikutikisika.

Jumatano, 9 Julai

Sindano imefika. Tumeazima mzani wa sonara. Batromayo amepima uzito wa mkono, amegeuza kile chuma kizito cha nyuma yake kidogo kidogo hadi sindano ikatua bila kuchimba. Nimesikia vitu sijawahi kuvisikia. Kuna ngoma za tumba. Kuna mtu anakohoa kabla ya ubeti wa kwanza. Miaka arobaini na mitatu sikujua kuna mtu anakohoa!

Zaituni amezunguka ua mzima anatafuta makubazi. Amewauliza watoto wa jirani. Amemuuliza muuza mkaa. Mwishowe akaja kwangu, "Dada, hujayaona?" Nikamwambia mbwa wa siku hizi wanakula hata tairi. Akarudi kwake polepole. Nitalala vizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Mvumo umebaki. Batromayo amefunga waya nyuma ya amplifaya na kuupitisha dirishani hadi kwenye chuma alichokipigilia ardhini. Chuma kimeangukia karibu na kamba ya nguo ya Zaituni. Sikumwambia akisogeze. Mvumo ukakoma. Kimya kabla ya wimbo sasa ni kimya kweli.

Umeme ukakatika kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Nimekaa mbele ya mashine hadi Magharibi. Haukurudi.

Jumatatu, 14 Julai

Leo kuna jambo. Batromayo alikaa anasikiliza, kichwa kimeinama upande. Akasema, "Mama, huyu mtu anaimba kama anasinzia." Nikakasirika. Nikamwambia huyo mtu ni mume wangu.

Akaomba radhi. Lakini akabandika kipande cha karatasi pembeni ya sahani inayozunguka, akatoa saa yake, akahesabu. Mizunguko thelathini na saba na nusu kwa dakika. Inatakiwa arobaini na mitano.

Amenieleza mara mbili. Transfoma inashusha nguvu ya umeme tu. Umeme wa Marekani unapiga mara sitini kwa sekunde, wetu hamsini, na mota ya mashine hii inafuata mapigo. Kwa hiyo tangu ifike Kigoma imekuwa inazunguka kivivu. Kila kitu kimekuwa kizito na cha polepole kuliko kilivyoimbwa. Nilidhani watu wa zamani ndivyo walivyoimba!

Dawa yake ni puli, kigurudumu kinachovuta mkanda. Ile ndogo ya shaba kwenye mota itolewe, ikerezwe nyingine nene zaidi. Akanionya sauti itapanda. Nikamwambia ipande. Alipoimba alikuwa kijana. Nitamsikia akiwa kijana, kabla hajanijua, kabla hajamjua yule.

Alhamisi, 17 Julai

Tumekwenda Kibirizi kwa mkerezaji anayetengeneza injini za maboti. Kelele, mafuta, harufu ya dagaa hadi kwenye nywele. Nilimwonyesha puli ya zamani kwenye kiganja, haizidi tonge la mtoto. Alicheka. Amezoea vyuma vinavyobebwa na wanaume wawili. Alipomaliza kucheka akapima kwa makini sana, akasema wiki moja, ana boti tatu zinasubiri.

Wiki moja ni Alhamisi ijayo. Siku mbili kabla ya dua. Safi.

Jumapili, 20 Julai

Nimealika watu. Nimepita nyumba kwa nyumba. Wanawake tisa wa mtaa, Alhamisi baada ya Alasiri, kahawa na visheti, waje kumsikiliza marehemu. Nimewaambia: wengine watakuwa na dua, na dua ni ya kila maiti. Mimi nina sauti yake. Bi mmoja akasema lakini Mwamvua, huoni utamuumiza mwenzio. Nikamwambia asiyetaka kuumia azibe masikio.

Nimemwalika na Zaituni. Kwa adabu. Nimevaa na kanga mpya.

Jumatano, 23 Julai

Wageni wa Zaituni wameshuka na treni ya Tabora. Shangazi yake, Bi Kulwa, kikongwe mwenye macho ya kuku, na watu wengine wawili. Nimewaamkia. Nimewaalika nao.

Jioni Zaituni akaja mlangoni kwangu. Hajawahi kuja saa hizi. Alisimama nje ya kizingiti mikono imekumbatiana. Akasema, "Dada, nakuomba. Usipige wimbo huo mbele ya wageni wangu. Nikishawasindikiza piga hata mwezi mzima, mimi sitasema neno."

Nimemtazama. Macho yalikuwa mekundu. Basi imempata, hatimaye. Miaka thelathini na moja nimeutafuta uso ule. Nimemwambia visheti ni vingi, aje na shangazi yake.

Nimefurahi hadi nimeshindwa kula.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika. Nilikuwa karani wa ghala bandarini. Kilichoingia kinaandikwa, na kilichoharibika kinaandikwa.

Puli ilichelewa. Batromayo amefika nayo saa kumi kasoro, jasho linamtoka, wanawake wameshaanza kuketi. Akaifunga. Akajaribu kwa santuri nyingine, ya taarabu, kwa dakika moja tu. Karatasi ikapita mara arobaini na tano kwa dakika. Akasema sasa imekaa. Alitaka kujaribu na wimbo wenyewe kwanza. Nikamwambia akae. Sikutaka usikike kabla ya wakati wake. Hilo ni kosa langu na si la fundi.

Nimesimama. Nimesema maneno machache. Nimesema huyu mnayemsikia ni mume wangu Selemani, aliniimbia kabla hajamjua mwanamke mwingine yeyote. Zaituni alikuwa karibu na mlango, amekaa chini, anatazama chini ya mashine. Nikaona anachokitazama. Ile miguu minne ya tairi. Aliitambua. Nikatelemsha sindano.

Kimya safi. Mtu akakohoa. Kisha sauti.

Hakuwa yeye. Sijui niandikeje. Ilikuwa sauti nyembamba, nyepesi, ya kijana mchangamfu anayekimbilia mbele ya magitaa. Inacheka katikati ya maneno. Selemani hakuwahi kucheka katikati ya neno lolote maishani mwake. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Mke anajua. Nilisimama na mkono wangu bado uko juu ya mashine, natabasamu, maana nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Bi Kulwa akaweka kikombe chini. Akasema, "Huyo si Rajabu wetu?"

Zaituni akamshika goti. Akamwambia shangazi, kunywa kahawa. Kikongwe akamsukuma mkono. Akasema kwa sauti, kwa wote, kwamba huyo ni Rajabu, mtoto wa kaka yake, kaka yake Zaituni tumbo moja, aliyefariki akiwa na miaka ishirini na sita, na wimbo huo Tabora nzima ilikuwa inaujua. Akaanza kuimba naye. Anajua kila neno. Meno hana, lakini maneno yote anayo. Na Zaituni akalia. Alilia uso umeinuliwa, mdomo wazi, anasikiliza asipitwe na kitu. Sijawahi kuona mtu akilia kwa furaha nyumbani mwangu.

Wimbo ukaisha. Bi Kulwa akasema rudia, mwanangu. Nikarudia. Ningefanya nini?

Walipoondoka nilimzuia Zaituni mlangoni. Nilimshika mkono kwa nguvu, najua nilimuumiza. Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu wiki ya kwanza alipoletwa. Aliusikia dirishani, akaenda kumuuliza Selemani kwa nini kaka yake anaimba kama mgonjwa. Rajabu na Selemani walikuwa marafiki, santuri alipewa na Rajabu mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akataka kuondoka. Nikamkaza.

Akasema, "Alinisihi. Alisema, mwachie Mwamvua wimbo. Wewe utapata watoto."

Nikamwachia mkono.

Ijumaa, 25 Julai

Sikupiga kitu.

Nimetazama karatasi ya katikati ya santuri kwa miwani. Haikuchubuka. Imekwanguliwa. Kwa wembe, taratibu, mistari imenyooka.

Nimejaribu kumchukia Selemani na imenishinda kwa muda mrefu, kama saa nzima. Kisha imewezekana.

Miaka thelathini na moja mwanamke yule ananihurumia. Saa kumi kila siku nampigia maiti yake, imeburuzwa, imezibwa pua, naye anachambua mchele ili mimi nisijue. Natamani angenipiga. Natamani angenitukana mbele ya mtaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wanasema. Sitaki huruma ya mtu.

Jumamosi, 26 Julai

Dua. Watu wengi. Wote wamepita mlangoni kwangu na wote wameniamkia kwa sauti ya chini, kama mimi ndiye niliyefiwa jana. Mtaa mzima unajua. Bi yule aliyenionya amenishika bega. Nimeuondoa mkono wake.

Pilau imeletwa na binti mkubwa wa Zaituni kwa mikono miwili. Nyama nyingi kuliko kawaida. Nimeila yote, nilikuwa na njaa.

Jumatatu, 28 Julai

Wageni wameondoka na treni. Zaituni amekuja. Safari hii ameingia ndani, ameketi. Hakutaja makubazi. Aliyatazama tena, lakini hakuyataja.

Ameomba kitu kimoja. Bi Kulwa amezeeka, wenye kumkumbuka Rajabu wanakwisha, na yeye hana hata picha ya kaka yake. Santuri ibaki yangu, mashine ibaki yangu. Anaomba tu niwe nampigia ile ya kweli, ile ya haraka, mara moja kwa wiki, au hata mara moja kwa mwezi. Atakaa huko huko kwenye mkeka wake.

Nimemkatalia.

Aliuliza kwa nini. Nimemwambia Rajabu si mtu wangu. Akaitika, "Haya, Dada." Akaniachia bakuli la maandazi juu ya meza. Nimempa muuza mkaa.

Alhamisi, 31 Julai

Upepo wa ziwani leo, vumbi kila mahali. Nimefuta mashine.

Puli ya zamani ilikuwa kwenye kopo la vifungo. Nimemwona Batromayo akifanya, si kazi ngumu. Skrubu moja, kisha mkanda. Nimefunga ile ya zamani. Ya Kibirizi nimeiweka kwenye kopo, chini ya vifungo.

Nimebandika karatasi, nimehesabu kwa saa ya ukutani. Thelathini na saba na nusu.

Saa kumi. Dirisha wazi, kwa sababu ya joto. Zaituni alikuwa kwenye mkeka. Mtu alipokohoa aliinua uso haraka, anangoja. Ikaja sauti nzito, ya taratibu. Alisikiliza maneno mawili matatu. Kisha akakunja mkeka akaingia ndani, akafunga mlango polepole bila kuubamiza.

Sikuongeza sauti. Nilivuta kiti karibu na spika, nikafumba macho, nikamngoja Selemani kama zamani. Nikasikia tumba. Nikasikia kijana wa Tabora anaburuzwa, na mahali anapotaka kucheka.

Wimbo umeisha. Nikaurudia.